Mtoto Asiyechekewa

Consolate alirudi nyumbani kuchukua ufagio tu. Asubuhi hiyo mitumbwi ilikuwa imeshusha ndagala nyingi, wale samaki wadogo wembamba wa ziwa, na wanawake walikuwa wamezimwaga juu ya changarawe ya ufuko zikauke. Upepo ulikuwa unapeperusha majani na kuyaingiza katikati yake. Alipoinama kupita mlangoni, macho yake bado yamejaa jua, aliona jambo lililomkata maini: mwanawe amelala chali mkekani, na kipande cha kikwembe kimemfunika uso wote.

Akakivuta kwa nguvu. Mtoto hakuwa amekosa pumzi. Alikuwa anamtazama kwa macho makubwa, makavu, kama mtu anayengoja kitu alichoahidiwa. Alipoona hakiji, akanyoosha mkono, akakishika kile kitambaa mikononi mwa mama yake, akakivuta mpaka puani, mpaka juu ya macho, akatulia chini yake. Halafu akakishusha mwenyewe, akamtazama tena.

Ulikuwa mchezo. Mtoto wa miezi minane alikuwa anamwalika mama yake kucheza, na mama yake hakuwahi kumfundisha mchezo wowote.

Upande wa pili wa chumba Ildephonse, mumewe, alikuwa amelala ameupa ukuta uso, kama wanavyolala mchana wavuvi wote wa taa, wanaovua usiku. Hakugeuka. Consolate akachukua ufagio, akarudi ufukoni. Kulikuwa na mtu anayemchezesha mtoto wake. Mtu huyo, awe nani, alikuwa amekwisha kukionyesha kifo mahali mtoto alipo.

Kwenye ufuko wa Uvira walimjua Consolate kama yule mke aliyetoka uwandani. Alikuwa Mrundi wa Luberizi, binti wa wakulima wa pamba na maharagwe, aliyelelewa mbali na harufu ya samaki. Ildephonse alimpata sokoni, alipopanda bonde la Ruzizi na mafungu yake ya ndagala kavu akitafuta wa kubadilishana naye maharagwe. Watu wa uwandani walimcheka binti yao kwamba anaolewa na majini. Alipofika mwambao, alitapika mwezi mzima kabla pua yake haijakubali. Kisha akajifunza: kuzimwaga ndagala kabla jua halijawa kali, kuzipindua kwa ufagio laini zisivunjike vichwa, kuzikusanya wingu likionekana juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa. Alijifunza na Kiswahili cha pale, akakitia lafudhi ya kwao, na wanawake wa ufuko wakazoea.

Kuwapoteza watoto ndiko hakukuzoea.

Wa kwanza alikuwa Marie-Rose. Msichana huyo alianza kupiga makofi mapema, na ufuko mzima ulikuja kumwona, kila mmoja akimsifu kwa zamu. Surua ikamchukua kabla hajapiga hatua. Wa pili alikuwa mvulana mwenye kicheko cha ajabu, kinene, cha tumboni, kilichosikika hadi nyumba ya tatu, na wapita njia walikuwa wanasimama kukisikiliza. Homa ilimpata Jumamosi. Jumapili, watu wakitoka misani, walikuta amekwisha kuvikwa sanda.

Mama wa Consolate, Inamahoro, alishuka kutoka Luberizi kumzika mjukuu. Kabla ya kupanda lori la kurudi, alimshika Consolate mkono akamwambia: "Ukizaa tena, usimtangaze. Mwite jina baya, mvike matambara. Kifo ni kama mnunuzi sokoni. Kinachosifiwa ndicho anachokwenda kukiangalia."

Kwa hiyo wa tatu aliitwa Nyabyenda, yaani yule wa matambara. Padri alimbatiza Protais, lakini hakuna aliyelitumia jina hilo, wala Consolate hakutaka litumike. Alimfunga kwa vipande vya nguo vilivyochakaa, naye aliishika hila hiyo kama mtu aliyeibiwa mara mbili anavyoshika komeo. Aliona matambara hayatoshi. Mwizi aliyekwisha kuingia mara mbili anaijua njia, na taa ikiwaka ndani ataiona hata nyumba ikifichwa. Basi akaizima taa. Alimnyonyesha akiangalia ukuta. Hakumwimbia. Hakumrusha juu, hakumtekenya, hakumsemesha, na aliwakataza wengine wote. Mtoto alipomtabasamia, aligeuza uso pembeni, na kila tabasamu aliloliacha lianguke alilihesabu kuwa siku moja iliyoongezwa juu ya maisha ya mtoto. Usiku, wote wakiwa wamelala, aliweka kidole chini ya pua ya mtoto kuhakikisha anapumua, halafu akakiondoa haraka, asije akaonekana anapenda.

Ildephonse alikubali. Naye pia alikuwa amesimama mbele ya makaburi mawili.

Mtoto alinenepa. Lakini alipofika miezi sita, kichwa chake kilikuwa bado kinaning'inia kama papai juu ya shina lililokauka, na macho yake hayakufuata kitu. Siku ya kupima watoto, mganga wa dispansari alimtundika kwenye mzani, akasoma, akaridhika, halafu akampigia vidole mbele ya uso. Mtoto hakujishughulisha.

"Uzito iko muzuri," mganga alisema. "Banamuchezesha?"

"Anakula," alijibu Consolate.

"Sikuuliza kama anakula."

Consolate alimfunga mtoto mgongoni akaondoka. Watu ambao hawajazika watoto huuliza maswali ya namna hiyo. Hata hivyo baada ya siku ile mambo yalianza kubadilika. Shingo ilikaza. Macho yakaanza kufuata moshi, kuku, kivuli cha mlango. Consolate alifikiri ni hila yake inayozaa matunda. Sasa, akipindua ndagala kwa ufagio kwa hasira, alielewa kwamba muda wote huo mtu alikuwa anabomoa nyuma yake alichokuwa anajenga.

"Mama Nyabyenda, weye leo unapindua samaki ama unapigana nao?"

Alikuwa Apolline, aliyekuwa anaanika upande wake wa kulia, mama wa watoto saba, mwenye ulimi uliochongwa pande zote mbili.

"Nani anaingia kwangu wakati minye iko huku?" Consolate aliuliza.

"Kwako? Mu nyumba ya muvuvi analala? Atafuata nini, mukoromo?"

"Muntu anachezesha mutoto wangu."

Wanawake waliokuwa karibu wakaacha kufagia. Wote walijua katazo lake. Wengine waliliheshimu, wengine waliliona la ajabu, lakini hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyelivunja.

"Usiniangalie minye," alisema Apolline. "Niko na saba. Nikipata nafasi ya kucheza, nitaitumia kulala." Akapindua fungu lake, halafu akashusha sauti, ingawa si sana. "Lakini kama unatafuta mwizi, anza kutafuta usingizi wa bwana yako. Thaddée anasema anasinzia mu mutumbwi. Juzi alisinzia na lusenga mu mikono, karibu imuvute mu maji. Thaddée alimukamata kwa mukaba. Sasa banaume banaulizana: huyu mchana analala na nani?"

Wanawake wakacheka. Lusenga ni wavu wa mfuko wenye mpini mrefu kuliko mtu. Mvuvi anauzamisha chini ya mwanga wa taa na kuuinua umejaa, na anayesinzia nao hawezi kuhadithia mara mbili. Thaddée, mwenye mtumbwi, hakuwa mtu wa kumvumilia mtu wa namna hiyo.

Consolate hakucheka. Mambo mawili yalikuwa yamekutana kichwani mwake na kufunga fundo. Mume asiyelala mchana. Mtoto anayejua mchezo. Basi ni mwanamke. Mwanamke anaingia nyumbani kwake yeye akiwa ufukoni, anamkesheza mumewe, na wakati wa kuondoka anainama na kumchekea mtoto.

Alikusudia kurudi kesho yake ghafla, lakini kesho yake mwezi ulikuwa umeanza kukua, na kwenye ziwa lile mwezi ukiwaka ndagala hazijali taa ya mtu. Mitumbwi ikavutwa juu ya mchanga. Wavuvi wakageuka kuwa watu wa mchana, na kwa kuwa hapakuwa na samaki wa kuanika, wanawake nao walikaa nyumbani. Kwa siku nyingi wote watatu walikuwa ndani ya chumba kimoja.

Hapo ndipo mtoto alipoanza kudhoofika.

Hakuwa na homa, hakuharisha. Alikuwa analia kilio chembamba, kisicho na machozi, kisha ananyamaza na kutazama. Alikuwa anaacha titi katikati ya kunyonya na kugeuza kichwa. Asubuhi moja Ildephonse alikuwa ameketi mlangoni anashona wavu, na Consolate anachambua maharagwe. Mtoto, aliyelazwa kwa tumbo, aliweka viganja chini, akanyoosha mikono, akainua kifua chote. Consolate hakuwahi kumwona akifanya hivyo. Mtoto akakaa juu ya mikono yake akitetemeka kwa juhudi, akimkazia baba yake macho, akatoa sauti: "Ba. Ba."

Ildephonse akainama zaidi juu ya wavu. Sindano ilikuwa imesimama mkononi mwake.

"Ba," mtoto alirudia, akangoja. Mikono ikamlegea, uso ukapiga mkeka, akaanza kile kilio chembamba.

"Anaugua," alisema Consolate.

"Haugui."

Alijibu upesi mno. Consolate akainua macho kutoka kwenye maharagwe.

"Unajua namna gani?"

"Najua tu. Haugui." Na akatoka nje kwenda kuangalia mtumbwi ambao haukuwa na la kuangaliwa.

Siku zile za mwezi zilikuwa ndefu. Consolate alimchunguza mtoto kama mtu anayechunguza mawingu. Kila alipokataa kunyonya, aliona kaburi la tatu pembeni ya yale mawili. Alikwenda misani, akawasha mshumaa. Alizidisha matambara. Aliacha kabisa hata kumgusa nje ya haja, na mtoto akazidi kunyamaza, akarudi kutazama hewa kama zamani. Na Consolate, Mungu amsamehe, alipata nafuu kidogo kumwona ametulia.

Mwezi ulipofifia, mitumbwi ikarudi majini. Asubuhi ya kwanza ya samaki, alijitwika kikapu, akaaga kwa sauti ya kusikika, akateremka njia ya ufukoni hadi kwenye kona. Pale akaweka kikapu chini, akazunguka nyuma ya migomba, akarudi kimyakimya mpaka kwenye ua wa matete ulioziba uwanja wa nyuma wa nyumba yake. Akapenyeza vidole, akatanua matete mawili.

Hapakuwa na mwanamke.

Ildephonse alikuwa amelala chali kwenye kivuli cha nyumba, macho mekundu ya kukesha, na mtoto amelala kifudifudi juu ya kifua chake. Mtoto alikuwa anainua kichwa amwone baba yake usoni, na baba anageuza kidevu upande mwingine, polepole, ili kichwa kimfuate. Kikimfuata, anarudisha upande huu. Baadaye akamkalisha mkekani katikati ya miguu yake, magoti mawili yakiwa kuta, akachukua mkebe wa samaki wenye vijiwe ndani, akauviringisha, ukaenda ukilialia na kusimama mbali kidogo na mkono wa mtoto. Hakumpa. Mtoto akainama, akakosa, akaanguka juu ya goti, akajisukuma, akainama tena. Ildephonse akangoja. Hakuna mvuvi aliyewahi kungoja samaki kwa subira kama ile. Vidole vilipougusa mkebe, akatoa pumzi kana kwamba ni yeye aliyekuwa anaukimbilia.

Na alikuwa anamsemesha. Alimhadithia usiku: ndagala zilivyopanda, taa ilivyozimika, Thaddée alivyoitukana hadi ikawaka yenyewe kwa aibu. "Aaa," mtoto alisema. Ildephonse akanyamaza mpaka amalize. "Njo vile," akamjibu. "Na minye nilimwambia vilevile." Kisha akaendelea, akasimama tena mtoto alipotaka kusema, kama watu wazima wawili wanavyopeana zamu ya maneno.

Halafu akachukua kikwembe, akajifunika uso. "Baba iko wapi?"

Akakiondoa. Mtoto akacheka.

Consolate aligundua kwamba ameuma nguo yake. Kilikuwa kicheko kinene, cha tumboni, cha kufika nyumba ya tatu. Hakikuwa kicheko kigeni. Alikuwa ameagana nacho Jumapili moja, kimefungwa ndani ya sanda, na sasa kilikuwa kinatoka kwenye mdomo wa huyu. Akausukuma ua, akaingia.

Ildephonse hakuruka wala kujitetea. Alimvuta tu mtoto karibu na tumbo lake.

"Tangu wakati gani?" aliuliza Consolate.

"Tangu kichwa chake kilikuwa kinaanguka."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana." Alipangusa macho kwa kiganja. "Halafu kila mchana minye nabaki naye. Weye unaenda ku samaki, minye namuona. Iko kama samaki ya juzi, Mama. Nikasema, huyu hata akiishi, ataishi wapi?"

"Batoto bawili tulibachekea. Bako wapi?"

"Bako mu udongo. Na huyu tulimutia mu udongo angali anapumua."

Consolate alimnyang'anya mtoto. Mtoto, akidhani ni sehemu ya mchezo, alimchekea usoni, na yeye akafumba macho asikione kicheko hicho.

"Thaddée ananiambia nikisinzia tena nitashuka mu mutumbwi wake," Ildephonse alisema kwa utulivu. "Niko tayari kushuka. Lakini mutoto simuachi vile."

"Basi shuka," alisema Consolate, na akaanza kumfunga mtoto mgongoni.

Kabla ya saa sita alikuwa juu ya lori tupu linalopanda bonde kwenda kubeba pamba, ameketi juu ya magunia, vumbi la barabara linawafuata kama mdai. Walivuka mto mmoja, wakavuka mwingine. Mgongo wake ukaanza kuchoma. Alijiambia ni jua. Kabla hawajafika mji wa Sange, alimgeuza mtoto mbele na kumwekea shavu kwenye paji la uso, na hakuweza tena kujidanganya. Alikuwa moto kama jiwe la mafiga.

"Kifo kimemwona," alimwambia mama yake aliposhuka Luberizi. Ndiyo salamu aliyoitoa.

Inamahoro alimpokea mtoto bila neno. Alimpondea vidonge vya kwinini katika uji mwembamba, akamnywesha kwa kidole, akamlaza kivulini na kumpangusa kwa maji. Consolate alieleza yote huku akitembea huku na huku: mkebe, kikwembe, kicheko, namna Ildephonse alivyomtoa mtoto wao kwa mikono yake mwenyewe. Mama alisikiliza na kupangusa. Siku hiyo mtoto hakufumbua macho ila kwa kunyonya, na hakunyonya sana. Kesho yake asubuhi alikuwa mlegevu mpaka mkono wake ukiinuliwa unaanguka wenyewe. Consolate alikuwa ameketi mbali, mgongo ukutani. Hakumtazama. Ndiyo silaha pekee iliyokuwa imembakia.

Alasiri, mtoto akatikisa vidole. Vikapapasa mkeka, vikapata pembe ya nguo iliyolowa maji, vikaivuta. Ilichukua muda. Nguo ikafika kifuani, ikafika kidevuni, ikapanda juu ya macho. Akatulia chini yake. Nguo ilikuwa inapanda na kushuka kwa pumzi zake fupi. Consolate aliiangalia. Alijua mtoto anangoja, na alijua anamngoja nani.

Inamahoro aliinama. "Nani huyu aliyejificha?" alisema kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi. "Ni yule mwenye kichwa cha kibuyu? Jitokeze, tukuuze kwa chumvi. Hakuna atakayekununua, wewe mbaya, lakini jitokeze."

Nguo ikashuka. Pembe ya mdomo wa mtoto ikasogea.

Consolate alikuwa amekwisha kumrukia mama yake na kumshika mkono. "Mama, wewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikuambia nini?"

"Nisimtangaze. Kwamba kifo kitasikia."

"Nilikuambia umtukane." Inamahoro alimtazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anamwona. "Je, mtu hutukana kwa kunyamaza? Wewe ulizaliwa nyuma ya kaka zako waliokufa. Nilikuita mavi ya mbuzi asubuhi na jioni, na baba yako akakuita mzigo. Nami nilikuwa nakuita hivyo huku nakurusha juu, mpaka majirani wanaogopea paa. Ulifikiri ulijifunza kutembea kwa kuangalia ukuta?"

Consolate hakuwa na kumbukumbu ya kurushwa. Hakuna anayekuwa nayo. Alikumbuka jina tu, kwa kuwa jina ndilo lililobaki masikioni alipokuwa mkubwa, na juu ya jina hilo tupu alikuwa amejenga nyumba nzima ya kimya.

"Hila ni ya mdomo," mama yake alisema. "Mikono haimo ndani yake. Sasa mtukane mwanao, maana anakungoja wewe, haningoji mimi."

Mtoto alikuwa amejifunika tena. Consolate alipiga magoti. Alifungua mdomo, akaufunga. Alihisi kwamba neno likitoka, kitu kilichokuwa kinazunguka nje ya nyumba kitaingia.

"Wewe," alisema. "Mbaya."

Nguo haikusogea.

"Hata mbu hamwogopi mtu wa sauti hiyo," alisema Inamahoro.

"Wewe mbaya. Wewe matambara. Masikio kama popo." Sauti yake ilikatika, akaiokota. "Nani alikuokota, na alikuokota wapi, na kwa nini hakukurudisha?"

Nguo ilishuka kwa ghafla. Mtoto alimwona ni yeye. Alimkazia macho muda mrefu, kama mtu anayesoma barua aliyokwisha kuikatia tamaa. Kisha akacheka, kicheko kidogo, kikavu, kilichokaribia kikohozi. Consolate aligeuza shingo upesi kutazama mlangoni. Nje palikuwa na uwanja mweupe wa jua, mbuzi aliyefungwa, mwanamke anayepita na jembe. Alingoja. Hakuna kilichoingia. Hofu haikumtoka. Akaishika nguo kwa vidole viwili na kumfunika tena.

Homa iliondoka polepole, kwa kwinini au kwa utashi wake yenyewe, hakuna aliyejua. Consolate alikaa mpaka mtoto aliponyonya kwa nguvu, halafu akateremka na lori la pamba.

Alimkuta Ildephonse ameketi mlangoni mchana kweupe, amekonda, mikono kati ya magoti. Aliona mzigo mgongoni mwa mkewe, akaona unatikisika, akasimama. Hakuthubutu kusogea.

"Weye hujalala?" Consolate aliuliza.

"Ningelala namna gani?"

"Thaddée alikushusha?"

"Bado. Leo jioni anataka kuniona kama nitaweza kusimama."

"Basi lala, Baba Nyabyenda. Mutoto iko na minye." Akasita, akaongeza bila kumtazama, "Na ule mukebe wako ya vijiwe, unipe."

Asubuhi iliyofuata alitandika mkeka juu ya changarawe, hatua chache kutoka kwenye ndagala zake, akamkalisha mtoto katikati ya wanawake wote. Ndipo akaanza, akifagia huku anatukana. Alimwita kichwa cha taa ya karabai. Alimwuliza kama meno yake yamepotea ziwani. Wanawake walitazamana. Wao pia walikuwa watu wa ziwa, na matusi ufukoni ni mali ya wote; muda haukupita mmoja akachangia, mwingine akamzidi, na mtoto akawa anageuka kutoka sauti hadi sauti, mkebe mkononi, akijibu kila mmoja. Kila alipocheka, ufagio wa Consolate ulikosea.

Mkebe ulimponyoka, ukaviringika. Mtoto akauangalia. Akaweka mkono mmoja mbele, mwingine, akainua makalio, akatoka mkekani kwa magoti, kwa mara ya kwanza, akienda mrama kama kaa.

"Angalia," alisema Apolline. "Mungu wangu, angalia namna mutoto iko muzuri."

Lilikuwa limemtoka. Aliziba mdomo kwa mkono wenye magamba ya samaki. Fagio zote zikasimama, na kila jicho la ufuko likamgeukia Consolate.

Neno lilikuwa nje, juani, mbele ya ziwa lote. Consolate alihisi magoti yake yanainuka yenyewe yakamchukue mtoto, yamfunge, yamrudishe ndani, aangalie ukuta. Mtoto naye alikuwa amesita juu ya mikono yake. Kimya kile alikijua. Akageuza kichwa kumtafuta mama yake.

Consolate akajishusha akae. Alilazimika kushika changarawe.

"Muzuri wapi?" alisema, na sauti ikamkwaruza. "Weye Apolline, macho yako iko na moshi. Huoni matako yake namna yamejaa muchanga?"

Mtu mmoja akacheka kwa kupumua. Mtoto akasikia sauti aliyokuwa anaitafuta, akageuka, akaendelea. Aliupita mkebe. Aliingia moja kwa moja katikati ya ndagala zilizopangwa tangu alfajiri, akazichota kwa mikono miwili, na mama yake akamwacha azitawanye.